Wape Cha Kubishania

Kipindi cha Historia cha saa saba mchana kinampima mwalimu kabla hakijampima mwanafunzi. Bati limeshapata moto, wengine wametoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi tu tumboni, na ubaoni wanasubiriwa na sababu sita za hiki na athari tano za kile. Walimu vijana wanaoletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha huniuliza nafanyaje watoto wasilale. Wengi hutegemea nitaje video, nyimbo au maigizo.

Maigizo sina ugomvi nayo. Nimeona darasa zima likiigiza Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Bismarck, mwenyeji wake, kavaa kofia ya boksi, watu hoi kwa kicheko. Wiki iliyofuata kofia ilikumbukwa sana, Bismarck kidogo, mkutano wenyewe hata chembe. Wanafunzi wangu wanaamshwa na kitu kingine: mashahidi wawili wasiokubaliana, na mwalimu anayegoma kusema nani mkweli.

Nafundisha shule ya kata wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi. Mimi mwenyewe ni mtu wa Mbeya; nilipopangiwa huku, Kilwa niliijua ya vitabuni tu. Kilichonishangaza ni kwamba watoto wanaoamka kila siku wakikitazama Kilwa Kisiwani, kisiwa cha mji wa kale, ng'ambo ya maji, mwendo mfupi tu kwa boti, wengi wao hawakuwahi kuvuka kwenda kuyaona magofu. Magofu ni ya wazungu wenye kamera. Historia, kwao, ilikuwa kitu kinacholetwa na gari kutoka Dar es Salaam, ndani ya kitabu.

Kwa hiyo Kidato cha Kwanza, tukifika mada ya vyanzo vya historia, naanza na Ibn Battuta. Msafiri huyu wa Tangier alifika Kilwa mwaka 1331. Nimewatafsiria maneno yake machache kwa Kiswahili, na naanza na kisa cha nguo kwa sababu ni kisa kitamu. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alisifika kwa kutoa. Siku ya Ijumaa, ametoka kuswali anarudi kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo zilezile alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, fakiri akaondoka na furushi kichwani. Watu wakamsifu mtawala wao. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa fakiri, akampa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo darasa hugawanyika lenyewe, sihitaji kulipanga. Wapo wanaoanza kumsifia sultani kwa ukarimu. Halafu anatokea mmoja, mara nyingi wa dawati la nyuma, anauliza: "Madam, na hao watumwa ishirini, wao nani aliwauliza?" Swali hilo silijibu siku ileile. Naliandika pembeni mwa ubao, na monita anajua halifutwi.

Baada ya kisa nawasomea sentensi moja ambayo mtu angeweza kuipita bila kuiona. Ibn Battuta anasema mji wa Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema, na kwamba wote ni wa miti, nyumba zake zimeezekwa kwa majani. Nakunja karatasi. Tunaanza kupanga safari.

Safari ya Kisiwani haina gharama kubwa ukilinganisha na safari za shule za mjini, lakini kwa mzazi wa huku kila shilingi ina kazi yake. Baba mmoja aliniambia waziwazi: "Mwalimu, nitoe hela mtoto akatazame mawe?" Nilimwelewa. Tulikwenda kwa mafungu, kibali kikachukuliwa Kilwa Masoko, na nahodha, ambaye ni mjomba wa mmoja wa wanafunzi, akatupunguzia nauli baada ya kuamkiwa shikamoo na darasa zima kwa mpigo.

Kabla hatujavuka nawapa sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuokota kigae. Vipande vya vyungu na vya kauri ya China vimetapakaa ardhini, vinatamanisha, lakini sheria inakataza, na kigae kikishatolewa mahali kilipolala kimeshanyamazishwa. Ya pili, kila kundi lirudi na swali, wala si jibu. Kundi moja linapima urefu wa kuta kwa kamba, jingine linachunguza zimejengwa kwa nini, jingine linachora.

Msikiti Mkuu unawanyamazisha hata watundu. Sehemu yake ya zamani kabisa ni ya karne ya 11; upanuzi wenye kuba na matao ni wa karne ya 14, zama za sultani yuleyule wa kisa cha nguo. Kisha tunatembea hadi Husuni Kubwa, jumba lake lililo juu ya mwamba likitazama bahari, lenye bwawa la pembe nane ambalo kila mtoto anataka kuingia ndani yake kupigwa picha. Kila ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Hapo ndipo nakunjua karatasi na kusoma tena: wote ni wa miti.

Mara ya kwanza kufanya hivyo, kijana mmoja alisema papo hapo: "Huyu mzee mwongo." Wengi wakamuunga mkono. Binti mmoja, mkimya, ambaye darasani ningeapa hanisikilizi, akabisha. Alisema nyumba ya bibi yake ilianguka masika, ikaachwa. Leo ukienda pale utakuta kilima kidogo cha udongo na mafiga. Fito zimeliwa na mchwa, makuti yameoza, udongo umerudi kuwa udongo. "Sasa hapa Madam," akasema, "zimebaki nyumba za matajiri. Za watu zimekwenda na mvua."

Waakiolojia wanatumia miaka chuoni kufika hapo alipofika. Kilwa ya karne ya 14 kwa sehemu kubwa ilikuwa nyumba za miti na udongo, na kati yake majengo ya mawe ya wenye uwezo. Anayeishi kwenye nyumba ya udongo haoni haya kuliwaza hilo. Analijua kwa mikono. Mwenzake hakukubali kirahisi. Aliuliza, kama msikiti huu ulikuwepo, mgeni alikuwa kipofu? Ndipo nikawaongezea kuni: Ibn Battuta hakuandika akiwa Kilwa. Alisimulia safari zake Morocco, akaandikiwa na mwingine, kazi ikakamilika mwaka 1355. Wakapiga hesabu, miaka 24. Ubishi ukaanza upya kwenye boti, nahodha naye akaingia.

Darasani nikaleta shahidi wa tatu. Julai 1505 Wareno wakiongozwa na Francisco d'Almeida waliuvamia mji na kuupora, na Hans Mayr, aliyekuwa ndani ya msafara ule, akaacha maelezo. Yeye anataja nyumba imara za mawe, za ghorofa. Je, mji ulibadilika kwa miaka 174, au kila mmoja aliona alichokuja kukitafuta? Mporaji anatazama nyumba zipi? Sikuwapa jibu, na kipindi cha saa saba kilikwisha bila mtu kuuliza saa.

Katika mabishano hayo wanaong'aa si lazima wawe wale wa kila siku. Nilikuwa na kijana wa mvuvi ambaye alama zake zilikuwa za kusikitisha. Kitabu kina aya moja kuhusu pepo za msimu na biashara ya Bahari ya Hindi, aya ambayo wanafunzi huimeza nzima na kuitapika kwenye mtihani. Nilimwita ubaoni anieleze kaskazi na kusi. Alichora pwani nzima kwa chaki, akaonyesha jinsi kaskazi ya Desemba hadi Machi inavyoleta vyombo kutoka Arabuni, na kwa nini kusi ikianza chombo kinageuza. Akauliza mwenyewe: anayetoka mbali akichelewa kufika atarudije msimu uleule? Kumbe ameshafika kwenye hoja ambayo wanahistoria huitumia kueleza utajiri wa Kilwa. Mji ulikuwa karibu na ukomo wa kusini ambao chombo kinaweza kufika na kurudi kwa msimu mmoja, kwa hiyo dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilikusanyiwa hapa. Ibn Battuta mwenyewe, kutoka Kilwa, alielekea Dhofar, Oman. Kijana akasema bila kusita: "Alingoja kusi huyo."

Niseme kidogo kuhusu lugha, maana ndiyo mlango ambao wengi wanakwama. Historia ya sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akilazimishwa kubishana kwa Kiingereza hatabishana, atanyamaza au atanakili. Kwangu tunabishana kwa Kiswahili, tunaandika hitimisho kwa Kiingereza. Wakaguzi wa shule wana maoni yao. Tangu 2024 lilipoanza somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, kazi imekuwa nyepesi kidogo; watoto wanaingia wakiwa wameshafungua midomo.

Sasa nirudi kwa swali la pembeni mwa ubao.

Kufundisha biashara ya utumwa Kilwa si sawa na kuifundisha Mbeya. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya watumwa wa kusini katika karne ya 19; misafara ilishuka kutoka Ziwa Nyasa hadi hapa. Kwenye darasa moja una watoto wa Kingindo, Kimatumbi, Kiyao, Kimwera, na wanaojiita Washirazi. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya wote: "Madam, sisi tulikuwa tunauza au tunauzwa?" Wengine walicheka kile kicheko cha kujihami.

Kosa rahisi hapo ni kukimbilia mahubiri, na jingine ni kukimbilia Wazungu na Waarabu kana kwamba hakuna mtu wa hapa aliyepata senti. Mimi naleta karatasi. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa, Morice, kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa sarafu za fedha, piasta, 20 kila mmoja, na juu yake zawadi ya piasta 2 kwa sultani kwa kila kichwa. Wafaransa walihitaji watu wa mashamba yao kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi. Ni maneno machache, makavu, ya kibiashara. Nawaambia wafuate pesa: aliyekamata huko bara kapata nini, mwenye msafara kapata nini, mfanyabiashara wa Unguja aliyemkopesha nguo na baruti, sultani, Mfaransa, mwenye shamba la miwa. Wakimaliza kuchora mnyororo ule, hakuna kabila linalobaki peke yake na lawama, na hakuna linalotoka safi kabisa. Nimeweka sharti moja tu, ukoo wa mwenzako hautajwi. Wa kwako ukitaka kuutaja, utaje.

Yule aliyeuliza kuhusu kuuza na kuuzwa alikwenda kumuuliza babu yake. Alirudi akasema babu kamjibu: "Maneno hayo hayasemwi mchana." Nilimwambia aandike hivyohivyo kwenye daftari, na jina la msemaji na tarehe, kwa sababu kukataa kusema nako ni ushahidi. Sijui kama mkaguzi angekubali. Kwangu ni moja ya rekodi bora nilizowahi kusahihisha.

Kidato cha Tatu tunaingia kwenye ukoloni, na hapa jiografia inanibeba tena. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilianzia wilaya hii, Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, kabla vita havijafika nusu ya njia. Kitabu kinataja "kodi, kazi za lazima, ukatili wa maakida" kama orodha ya sokoni. Mimi nachukua pamba peke yake. Mpango wa mashamba ya pamba ulianza 1902 chini ya Gavana von Götzen. Katika wilaya ya Dar es Salaam mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka kwenye shamba la jumbe, na mapato yalipaswa kugawanywa mafungu matatu: la wafanyakazi, la jumbe, na la chombo kilichosimamia mauzo. Msimu wa kwanza fungu la mfanyakazi lilitoka senti 35. Wapo waliozikataa. Kodi ya nyumba, iliyoanza 1898, ilikuwa rupia 3.

Watoto hawa wazazi wao wanalima ufuta. Wanajua mnada, wanajua stakabadhi ghalani, na neno "makato" hawahitaji kufafanuliwa. Nikishaandika namba hizo ubaoni, nasubiri. Watapiga hesabu miaka mingapi ya pamba inalipa kodi ya mwaka mmoja, na watakuja na hasira yao wenyewe. Hasira hiyo sihitaji kuipandikiza.

Halafu nawatuma kwa wazee. Hili sikulibuni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya hivyo mwaka 1968, wakati baadhi ya walioviona vita wangali hai, na mengi tunayoyajua leo yametokana na kazi ile. Sasa tunapata wajukuu na vitukuu, kwa hiyo sharti la kwanza ni kuandika nani kasema na yeye kasikia kwa nani. Vijana wawili kutoka upande wa Kipatimu walileta simulizi zinazopingana kuhusu dawa yenyewe. Mmoja kaambiwa watu waliamini kabisa risasi zitageuka maji. Mwingine kaambiwa na bibi yake kwamba wazee hawakuwa wajinga; maji yalikuwa kiapo, ya kuwafanya Wamatumbi, Wangindo na Wangoni wasimame pamoja, maana kabla ya hapo hawakuwa na jambo moja. Tuliwasikiliza wote wawili. Kura haikupigwa, japo walitaka sana.

Najua wengi watasema wewe una magofu na Maji Maji mlangoni, sisi je? Rafiki yangu anafundisha Nachingwea, kusiko na msikiti wa karne ya 11. Ana mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 huko Kongwa, ukaenezwa Urambo na Nachingwea, ukameza pauni milioni 36 na kuachwa mapema 1951. Reli ya kutoka Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa miaka ya 1960. Watoto wake wanatafuta njia ya reli ilipopita na kuwauliza wazee nani alifanya kazi gani, kwa ujira gani. Karibu kila wilaya ina boma, stesheni, mkonge, mgodi, misheni au mti wa mikutano. Kinachokosekana mara nyingi ni kipindi cha kutoka nje, na hilo ni la kuzungumza na mwalimu wa taaluma kwa upole, mwanzoni mwa muhula, kabla ratiba haijakauka.

Na mtihani? Baraza la Mitihani halitaki ubishi, linataka hoja zenye ufafanuzi na mfano. Mbishi mzuri huwa navyo tayari. Anachokosa ni mpangilio. Wiki za mwisho kabla ya mtihani tunarudi kwenye mfumo: utangulizi, hoja, hitimisho, muda kwa kila swali. Hapo nafundisha kikavu kabisa, na wanavumilia kwa sababu wanajua cha kuandika.

Muhula uliopita tulibadilishana madarasa kusahihisha mtihani wa majaribio. Binti wa Kidato cha Nne aliandika kwamba waliokufa katika Maji Maji ni 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani, na kati ya 250,000 na 300,000 kwa makadirio ya wanahistoria wa baadaye, kisha akaeleza kwa nini: Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki, lakini si kila aliyekufa kwa njaa alihesabiwa. Mwenzangu aliyesahihisha alichora mstari mwekundu na kuandika pembeni, "Chagua namba moja." Binti alinijia na karatasi, amenuna. Nilimwambia mimi sikusahihisha, aende kwa aliyesahihisha. Alikwenda ofisini na daftari lake, akapiga hodi, shikamoo mwalimu, akaanza. Kengele ya chakula ililia wakiwa bado wanabishana, mwalimu ameshatoa kitabu chake kabatini, na msichana anamwomba amwonyeshe hiyo namba yake imetoka kwa nani.